Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Tufunguliwe Chuo Kikuu Kabla ya Septemba

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Doldol, na ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili. Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mdahalo uliosema hivi: "Wanaochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu waanze kwa muhula mfupi kabla ya Septemba." Watu walirushiana maneno mpaka kengele ikalia na mwenyekiti akafunga kikao, ilhali hoja nyingi zilikuwa bado ziko vinywani. Kengele haiwezi kunyamazisha kalamu. Naunga mkono hoja hii, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjanipigia makofi ama kunizomea.

Kwanza kabisa tuelewane muhula mfupi ni kitu gani. Kule Marekani mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Agosti ama Septemba, wakati majani yanapokaribia kupukutika. Kabla ya hapo kuna likizo ndefu ya majira ya joto, Juni hadi Agosti. (Kwao ni joto, wenzangu, kwetu huku ndiyo miezi ya kujifunga shuka mbili.) Vyuo vingine havingoji Septemba. Chuo Kikuu cha Florida, kwa mfano, huwaita baadhi ya wanafunzi wapya waanze katika kipindi cha wiki 6 hivi, kati ya mwisho wa Juni na Agosti. Masomo wanayofaulu wakati huo yanahesabiwa katika shahada yao. Wenzao wanapofika, wao tayari wanajua maktaba iko wapi na mhadhiri anataka nini.

Kuna mfano mwingine ambao naupenda zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore, mpango uitwao Meyerhoff ulianzishwa mwaka 1988. Mwanzoni ulikuwa wa vijana wa kiume weusi waliotaka kusomea sayansi, kisha ukafunguliwa kwa wasichana na baadaye kwa watu wa kila rangi. Wanaochaguliwa hukutana wiki 6 kabla ya mwaka wa kwanza, wanasoma hisabati na sayansi, wanaishi pamoja na kuzoea kufanya kazi kwa vikundi. Leo mpango huo unajulikana kwa kutoa weusi wengi wenye shahada za uzamifu za sayansi. Hawakuambiwa, "Nyinyi mmetoka shule duni, basi tutawapunguzia mtihani." La hasha! Mtihani ulibaki uleule. Walichoongezewa ni mwanzo mzuri.

Najua kuna atakayesema, "Hayo ni ya Marekani, yabaki huko." Haya basi, turudi nyumbani. Jambo hili si geni hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi wa Agosti, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu. Kuanzia 1984 hadi 1990, kijana aliyechaguliwa kujiunga na chuo kikuu cha umma alitakiwa kwanza kwenda katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani NYS, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Waulizeni wazee waliosoma wakati huo watawaeleza habari za Gilgil, gwaride la alfajiri na buti zilizobana vidole.

Majirani zetu wa Tanzania nao wana Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa mwaka 1963. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka watu wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mafunzo ya JKT kwa waliomaliza kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994, kisha yakarudishwa mwaka 2013. Wanafunzi wao hufanya mtihani mwezi wa Mei, na kabla vyuo havijafunguliwa mwezi wa Oktoba ama Novemba, vijana wengi hupitia kambini kwa miezi mitatu hivi.

Basi nataka mwone jambo moja. Serikali zetu zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kuwakusanya vijana kabla ya chuo kikuu, kuwalisha na kuwafunza. Swali ni kuwafunza nini. Kambi ilifunza nidhamu, na siidharau nidhamu. Lakini gwaride halimfundishi mtu jinsi ya kuandika tasnifu, wala halimwonyeshi jinsi ya kusajili masomo kwenye kompyuta. Mimi ninaomba muhula wa kumzoeza mgeni kazi ile hasa anayoendea.

Sasa tuitazame kalenda yetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne humaliza mtihani wa KCSE mwezi wa Novemba. Matokeo siku hizi hutoka Januari. Halafu shirika la KUCCPS, lile lililochukua kazi ya kugawa nafasi baada ya ile bodi ya zamani iliyoitwa JAB, huwapangia wanafunzi vyuo na kozi. Mlango wa chuo hufunguliwa mwisho wa Agosti au Septemba. Hesabuni wenyewe: kuanzia mwanzo wa Desemba mpaka mwanzo wa Septemba ni takriban wiki 40. Wiki 40 za kukaa!

Mjini, wiki hizo zina kazi. Mtoto wa Nairobi ama wa Nyeri mjini huenda kusomea kompyuta, hujifunza kuendesha gari, au hukaa kwa shangazi aliyesoma chuo hichohicho akimhadithia. Wachache walioongoza kabisa katika KCSE hubahatika zaidi: tangu 1998 Benki ya Equity imekuwa ikiwachukua wanafunzi bora na kuwapa kazi ya muda katika matawi yake kabla hawajaenda chuoni. Ni jambo zuri sana, lakini ni la wachache. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ na kuendelea, alama inayomwezesha mtu kusomea shahada, walikuwa 246,391. Hao wote hawawezi kutoshea nyuma ya kaunta ya benki.

Huku kwetu Doldol wiki hizo zina kazi yake pia, na mnaijua. Mvulana hurudi nyuma ya ng'ombe, na ukame ukizidi hupelekwa mbali na mifugo mpaka akasahau hata namba yake ya mtihani. Mwingine hukodi pikipiki. Akishaonja shilingi mia mbili za kila siku, barua ya chuo humpata anahesabu mafuta. Msichana naye, wenzangu, ndiye niliyemwogopea zaidi katika hoja hii. Msichana aliyekaa nyumbani miezi tisa huanza kuulizwa anangoja nini. Wageni huanza kuja kunywa chai na baba. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema asiolewe aliye chini ya miaka 18, lakini anayemaliza kidato cha nne aghalabu yuko palepale mlangoni pa miaka hiyo, na hapo sheria haimkingi tena. Kinachoweza kumkinga ni kuwa na mahali anapotarajiwa na tarehe ya kwenda huko. Septemba ni mbali mno. Julai ingekuwa karibu zaidi.

Naomba sasa nitoe mfano wa nyumbani kwetu, kwa idhini ya mwenyewe. Kaka yangu mkubwa alifaulu KCSE na akaitwa katika chuo kikuu fulani ambacho jina lake sitalitaja. Mama aliuza mitamba miwili. Kijiji kizima kilichanga, mzee mmoja akatoa hata blanketi. Kaka alifika na simu ya mulika mwizi na sanduku la bati. Wiki ya kwanza waliambiwa wasajili masomo yao kwenye mtandao wa chuo. Yeye alielewa kwamba alikwisha kusajiliwa siku ile alipoonyesha barua na kulipa. Kwani shuleni si ndivyo ilivyokuwa? Ukilipa karo mwalimu anaandika jina lako katika rejista, basi, wewe ni mwanafunzi.

Akawa anahudhuria mihadhara kila siku. Alikuwa akiketi mbele, anaandika kila neno. Majuma ya mtihani yalipofika, karatasi yenye majina ikabandikwa ukutani, na jina lake halikuwamo. Akaenda ofisi hii, akatumwa ofisi ile, mwishowe akaambiwa kwamba muda wa kusajili ulipita na mitambo imefungwa. Alirudi nyumbani mwezi wa Desemba. Mama alimwuliza jambo moja tu: "Mwanangu, kwani hiyo miezi yote ulikuwa unaingia darasani kufanya nini?" Kaka hakuwa na jibu la kumpa. Pesa za kuanza upya hazikupatikana. Leo anaendesha boda boda kati ya Doldol na Kimanjo.

Je, kaka ni mjinga? Asilani! Usiku anaporudi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, ndiye anayenifundisha milinganyo ya kwadratiki, na anaieleza hata mbuzi wakaielewa. Hakushindwa na masomo. Alishindwa na kitufe kimoja cha kompyuta ambacho hakuna aliyemwonyesha. Wahenga walisema mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Kaka alikuwa na macho na alikuwa na akili. Alichokosa ni mwenyeji wa kumshika mkono wiki ya kwanza, wakati ambapo kila mtu pale alikuwa na haraka zake.

Hapa ndipo ninapowajibu wale waliosema katika mdahalo kwamba muhula mfupi ni wa "wanafunzi wazito." Ndama wetu hawapelekwi malishoni mbali siku ya kwanza. Huchungwa karibu na boma na watoto wadogo, wajue njia, wajue maji, ndipo waungane na kundi. Mbona hakuna anayesema ndama huyo ni mzito? Ni mchanga tu, na kila mwenye mifugo anajua kwamba ukimharakisha utampoteza.

Basi muhula huo uwe wa namna gani? Nimefikiri wiki 6 zinatosha, kuanzia katikati ya Julai. Vyuo havipo mbali kama zamani. Mwaka 1984 nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu vya umma, Nairobi na Moi. Leo ukitoka Doldol kama kilomita 50 uko Nanyuki, na kutoka Nanyuki kilomita kama 60 uko Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Karatina iko mbele kidogo tu. Chuo Kikuu cha Laikipia kiko upande wa Nyahururu, na Meru nao wana chao. Vyuo vingi huwa na hosteli zisizojaa katikati ya mwaka, wanafunzi wanapokuwa likizoni ama katika mafunzo ya kazi. Kitanda kisicholaliwa hakimfaidi mtu yeyote.

Katika wiki hizo 6, mwanafunzi afundishwe mambo manne. La kwanza, kompyuta: kuiwasha, kuandika, kutuma kazi, kusajili masomo, kutafuta kitabu katika maktaba. Afanye hivyo kwa mikono yake, si kuonyeshwa ubaoni. La pili, kusoma na kuandika kwa njia ya chuo. Sisi shuleni tumezoea kunakili kutoka ubaoni na kukariri. Kule, nasikia, mhadhiri anazungumza saa mbili bila kuandika kitu, halafu anakwambia kasome mwenyewe na uandike kurasa kumi ukieleza kila wazo umelitoa kwa nani. La tatu, somo moja halisi la mwaka wa kwanza, kwa mfano hisabati, lenye mtihani halisi, na akilifaulu lihesabiwe. La nne, pesa. Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995, humfikia kijana ambaye pengine hajawahi kushika elfu kumi kwa mpigo. Afundishwe kuzigawa, na aelezwe mapema kwamba ni deni, atalilipa.

Sasa niyajibu mapingamizi, maana sitaki kuonekana kama ninayekimbia.

Pingamizi la kwanza ni la karo. Walisema, "Wazazi wanashindwa na Septemba, nyinyi mnawaongezea Julai!" Hilo ni pingamizi zito na sitalipuuza. Kama muhula huu utalipishwa kama mihula mingine, basi mimi mwenyewe nitahamia upande wa wapinzani. Utakuwa mtego wa kuwakamua maskini mara mbili. Ninachopendekeza ni kwamba lile somo moja litolewe katika hesabu ya mwaka wa kwanza, si kuongezwa juu yake, na mkopo wa HELB uanze Julai kwa yule anayeuhitaji. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaweza kuwa viongozi wa vikundi, wapewe chakula na posho kidogo. Kumbukeni pia hasara ya kutofanya lolote. Mitamba miwili ya mama ilipotea yote. Wiki 6 za ugali na maharagwe haziwezi kufikia bei ya mitamba miwili.

Pingamizi la pili ni la kazi za nyumbani. Mwanafunzi mmoja alisimama akauliza, "Ng'ombe watachungwa na nani?" Watu walicheka, lakini mimi sikucheka, kwa sababu ni swali la kweli katika boma nyingi. Jibu langu ni hesabu. Wiki 40 ukitoa 6 zinabaki 34. Kijana atakuwa amechunga, amelima, amefanya vibarua na kuwasaidia wazazi wiki 34 nzima. Na asiyeweza kabisa kuondoka nyumbani asilazimishwe. Muhula huu uwe wa hiari.

Pingamizi la tatu lilitoka kwa rafiki yangu wa karibu, naye alilisema vizuri. Alisema sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imekataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa kuwa watoto walikuwa wanachoshwa na wazazi wanalipishwa. Je, huu si ule ule msalaba uliopakwa rangi mpya? Nasema hapana. Sheria hiyo inamlinda mwanafunzi wa shule ambaye likizo yake ni wiki chache. Aliyemaliza KCSE hana shule tena. Yuko katikati, si wa huku wala si wa kule. Huwezi kumchosha kwa wiki 6 mtu aliyepumzika 34.

Pingamizi la nne ndilo lililonikosesha usingizi. Walisema, "Ubaya uko kwenye shule za kutwa. Zirekebisheni hizo, zipewe maktaba na kompyuta na stima ya kutosha, na hamtahitaji muhula wa kuzibia viraka." Ni kweli tupu! Mimi hutembea asubuhi na jioni, na ninaporudi kuna maji ya kuchota na wadogo zangu wa kuangalia. Kitabu nakifungua wakati mwenzangu wa bweni amekwisha kumaliza saa mbili za kusoma. Shule za kutwa zirekebishwe, tena leo. Lakini mtu aliyevunjika mguu huwezi kumwambia angoje barabara itengenezwe ndipo apelekwe hospitali. Fanyeni yote mawili.

Tena kwa upande wetu sisi, muda wa kungoja haupo. Wenzangu wa kidato cha tatu, mmewahi kukaa mkafikiri kwamba sisi ndio mkia wa 8-4-4? Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Tukaingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na nyuma yetu hakuna aliyekuja. Mwaka huu wa 2026 mlango wa pili wa shule umefunguliwa kwa gredi ya 10 ya mtaala mpya. Mwaka 2027 tutafanya KCSE, na mwaka 2028 tutaingia vyuoni. Gredi ya 10 ya leo itamaliza mwaka 2028 na kuingia vyuoni 2029.

Historia ina funzo hapa. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kundi lake la kwanza la KCSE lilifanya mtihani mwaka 1989, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la kidato cha sita lilikuwa linamaliza. Mwaka 1990 makundi mawili yakagonga mlango mmoja. Walimu wetu wakubwa wanakumbuka msongamano uliokuwapo. Safari hii hakuna msongamano wa namna hiyo: sisi tutaingia kwanza, kisha ndugu zetu wa mtaala mpya. Lakini vyuo vitapokea miaka miwili mfululizo vijana waliosomeshwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Kama kuna wakati ambao wahadhiri wangefaidika kwa kukaa wiki 6 na wageni wao, wakajua wanachokijua na wasichokijua, ni 2028 na 2029. Serikali ina miaka miwili ya kujitayarisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wala sisemi ianze nchi nzima siku moja. Ianze na chuo kimoja ama viwili, kwa wanafunzi waliotoka shule za kutwa na sehemu kavu kama hizi zetu. Mwisho wa muhula wa kwanza wahesabiwe: wangapi wamefanya mtihani, wangapi wamerudi nyumbani. Walinganishwe na wenzao ambao hawakupitia muhula mfupi. Kama hakuna tofauti, uachwe, na mimi nitakubali kwamba nilikuwa napiga domo. Lakini hesabu ifanywe. Kaka yangu hakuhesabiwa na mtu yeyote. Alitoweka tu katika orodha.

Na tusikae kama makinda ya ndege, midomo wazi, tukingoja serikali. Kuna mambo ambayo Chama cha Kiswahili na shule yetu inaweza kuyafanya bila kungoja sheria. Wako wanafunzi wa zamani wa hapa ambao wako vyuoni sasa. Wakija likizo waalikwe siku moja watueleze kwa Kiswahili chepesi jinsi mtu anavyosajili masomo, anavyopata chumba, anavyoomba mkopo, na mahali pa kulalamika ukipotezewa jina. Tuyaandike na kuyabandika katika ubao wa matangazo. Kila aliye kidato cha nne ajue mapema kama ana cheti cha kuzaliwa, na akifika miaka 18 akatafute kitambulisho mara moja, si wiki ya kwenda chuoni, maana foleni ya ofisi haijui kwamba wewe una barua. Kompyuta tulizo nazo, hata kama ni chache, zisifunikwe vitambaa kama maiti. Zifunguliwe Jumamosi kwa wale wanaongoja Septemba.

Walimu wetu wapendwa, haya tunayoyaomba ni madogo. Mnatufundisha mpaka mnakauka koo, na kila mwaka mnafurahi mkiona majina ya waliopata C+ na zaidi. Nawaomba furaha hiyo isiishie Januari. Ulizeni pia mwezi wa Desemba unaofuata: wale tuliowapigia makofi, wangapi wamefanya mtihani wao wa kwanza?

Nanyi wenzangu wa gredi ya 10, msidhani jambo hili ni la wazee wa 8-4-4 peke yao. Nyinyi mnatufuata, na njia tutakayoipita sisi ikiwa na miiba, hiyo miiba itawangoja.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Wiki 6 si nyingi, na somo moja si shahada. Lakini anayeanza akiwa anajua mlango, maktaba na kitufe cha kubonyeza, hata akianguka ataanguka kwa sababu ya masomo, na hilo anaweza kulirekebisha kwa kusoma zaidi. Asianguke kwa sababu ya kutojua. Hiyo ndiyo haki ninayoiomba, kwangu mimi mwaka 2028, na kwa kila atakayepanda matatu ya kwanza ya Nanyuki akiwa na sanduku lake la bati.

Anayenipinga naye ashike kalamu, tukutane katika toleo lijalo.